Mafuta Ninayoweka Miaka Yote

Ukisimamisha pikapu yangu na pikapu ya yule tuliyeoa naye nyumba moja, ukafungua boneti zote mbili, kama si mtu wa magari utaapa kwamba ni injini moja. Jina ni lile lile, kwa herufi zile zile juu ya kifuniko. Lita mbili na nusu kwangu, mbili na nusu kwake. Betri iko upande ule ule, kijiti cha kupimia oili unakichomoa pale pale. Hata ule mlio wa asubuhi, wa kukohoa kabla injini haijapata joto, unafanana, ila wa kwake una adabu zaidi. Nimeyatazama magari yale mawili yakiwa yameegeshwa pamoja mara nyingi kuliko nilivyotazama picha za harusi yangu, kwa hiyo naweza kukwambia tofauti iko wapi. Langu limetoka miaka saba kabla ya lake. Katika miaka hiyo saba kuna mtu huko kiwandani alikaa mezani akaamua kuniaibisha.

Mimi ni mtu wa Uyole, hapa Mbeya. Shule niliishia darasa la saba, na hilo darasa la saba lenyewe nililimaliza kwa sababu mwalimu alichoka kunirudisha. Nilianza kwa kubeba viazi mgongoni, nikaenda kupakia malori, nikapanda nayo, nikajifunza kuyatengeneza yakifa njiani maana hapakuwa na mwingine wa kuyatengeneza. Miaka sita nilipeleka maji na dizeli kwa wachimbaji wadogo Chunya, kwenye vumbi ambalo likikuingia sikioni linabaki humo mpaka Krismasi. Pikapu niliipata kwa jasho hilo. Hakuna ofisi iliyonidhamini, hakuna mjomba aliyenipigia simu mahali. Injini naisikiliza kama mama anavyosikiliza kikohozi cha mtoto, nakwambia silinda ya tatu imechoka kabla fundi hajashika spana. Wenye vyeti vyao wanakuja kuniuliza. Sijigambi, nakupa habari tu.

Mke nilimchukua Idodi, huko Iringa, binti mkubwa wa nyumba. Siku niliyoingia kule na pikapu mara ya kwanza, mama mkwe alitoka jikoni na unga mikononi, akaizunguka mara mbili, akaipapasa taa ya nyuma kama anayepapasa shavu la mjukuu. Baba mkwe alikuwa ameshafariki, kwa hiyo kichwa cha nyumba ile ni mama. Tangu siku hiyo mizigo yote ya pale ikawa yangu. Mpunga ukivunwa, nipigiwe mimi. Mabati ya nyumba mpya nilileta mimi kutoka Iringa. Mama akitakiwa kwenda kutazamwa macho, mke wangu anaambiwa, "Mwambie mumeo aje na gari," na mimi nashika barabara kutoka Mbeya, kilomita zote zile, nikiimba. Majirani walikuwa wakisikia mlio wangu tangu mtoni wanasema, gari la mama hilo linakuja. Gari la mama. Nilikuwa nalisikia hilo jina nanenepa.

Sasa uelewe jambo moja. Mama mkwe wangu ni wa mila za zamani. Mkwe wa kiume hampi mkono, hali naye sahani moja, hakai naye bega kwa bega, na hata maneno hayatoki kwake yakaja kwangu moja kwa moja, lazima yapite kwa mtu. Anaweza kuwa amekaa hatua tatu kutoka nilipo akamwambia mke wangu, "Muulize mumeo kama chai imemtosha." Mke wangu ananigeukia kuniuliza kitu nilichokwisha kukisikia, namjibu mke wangu, na mama anaitikia "Haya" kabla mke wangu hajafungua mdomo. Ndivyo tulivyoishi miaka ishirini, na tumeheshimiana sana.

Lakini pikapu yangu ni singo kabini, ina kiti kimoja kirefu. Mama akisafiri nami lazima awepo mtu wa kukaa katikati yetu. Siku asipokuwepo, mama alipanda nyuma, juu ya magunia, amejifunga blanketi, nami naendesha polepole kama niliyebeba mayai. Hapakuwa na aliyeona ubaya. Mimi mwenyewe sikuuona mpaka alipokuja huyu bwana.

Alimwoa mdogo wa mke wangu. Ana diploma, anafanya kazi ofisini Iringa mjini, amejenga Kihesa. Mikono yake ni laini kama ya padri. Ni mdogo kwangu kwa miaka kumi hivi, ananiita "kaka mkubwa", na kibaya zaidi ananiita hivyo kwa moyo mweupe. Mwaka wa pili wa ndoa yake akaja Idodi na dabo kabini nyeupe, ule mwaka mpya wa injini yangu. Akafungua mlango wa nyuma, mama akapanda, akakaa peke yake kwenye kiti kizima kama askofu. Hapakuhitajika mtu wa katikati, wala blanketi.

Jioni ile nilimsikia mama kwenye simu ya mke wangu, sauti imewekwa juu: "Mwanangu, nimefika Iringa bila kuijua njia! Hata mgongo hauniumi."

Mke wangu akacheka. Mimi nilikuwa nakula, nikaacha.

Kuanzia hapo nikawa mhubiri wa injini. Wao wakizungumza viti, mimi nazungumza injini. Na ngoja nikueleze, maana bila hili hutaelewa nilichokuja kufanya. Kwenye mwaka wa gari langu, pampu ya dizeli inazungushwa na mkanda, inasukuma mafuta kwa nguvu yake yenyewe mpaka kwenye nozeli, vile vichwa vinavyonyunyizia mafuta ndani ya silinda. Kompyuta hamna. Pampu inasukuma, nozeli inafunguka, mnaondoka. Kwenye mwaka wa gari lake wameweka bomba moja nene wanaloliita reli, mafuta yanakaa humo yamebanwa kwa presha ya kutisha, na nozeli zinafunguliwa kwa umeme, kwa amri ya kompyuta. Matundu yake ni membamba hivi kwamba macho hayayaoni. Juu ya hayo wakaliwekea turbo, feni ya kuishindilia injini hewa. Ndiyo maana mimi nikiwa natafuta gia ya pili mlimani, yeye ananipita, na akinipita anapunga mkono. Gari lake linakunywa mafuta kidogo kuliko langu. Halitoi moshi. Asubuhi ya baridi linawaka mara moja. Hayo yote nilikuwa nayajua, na sikumwambia mtu hata mmoja. Nyumbani nilisema, "Lile ni redio yenye matairi."

Lakini nilijua na jambo lingine, na hili nalisema mapema ili usije ukanitafutia sababu ya kunisamehe. Kule Chunya dizeli tulikuwa tunaitoa kwenye mapipa. Mapipa yanalala nje, usiku yanatoa jasho kwa ndani, mvua nayo inapenya kwenye kifuniko, kwa hiyo chini ya kila pipa kuna maji. Gari la miaka ya kwangu linayavumilia. Litakohoa, utalitemesha maji kwenye filta, mtaendelea. Siku moja wachimbaji fulani walileta pikapu ya ule mwaka mpya, wakaijaza dizeli ya pipa, na kabla jua halijazama ilikuwa maiti. Fundi aliweka nozeli kwenye kiganja changu, akaniambia, "Maji haya. Ya zamani ingekunywa ikacheua. Hii imekufa." Tangu siku hiyo nina utaratibu wangu. Dumu la mafuta naliacha lisimame nikinywa chai, maji yashuke. Kisha namimina polepole kupitia kitambaa kilichokunjwa mara mbili, na vidole vinne vya mwisho naviacha humo humo. Kitambaa hicho kiko chini ya kiti changu mpaka leo. Wengine wanaweka Biblia.

Basi, binti yangu wa mwisho akafikia kipaimara. Mke wangu akasema bibi lazima aje Mbeya, awepo kanisani Jumapili ile. Hakuna aliyesema nani atamleta, na mimi sikuuliza, maana gari la mama ni lipi? Nikaosha pikapu mpaka chini ya matairi. Nikanunua kagodoro ka sponji, kekundu, nikakafunga kwenye kiti upande wa dirisha, mahali pake. Alhamisi nikaondoka Uyole alfajiri.

Nilipoingia Idodi jioni, dabo kabini nyeupe ilikuwa imeegeshwa mlangoni.

"Kaka mkubwa! Kamwene!" alinipokea, amevaa kandambili kama mwenye nyumba. "Mbona umejisumbua? Mama anapanda na sisi. Tumechukua ruhusa kazini, tunakuja wote mpaka Mbeya."

"Hakuna aliyeniambia," nikasema.

"Si unajua dada yako huyu, anapenda kushtukiza watu." Alimaanisha mkewe, shemeji yangu. "Lakini vizuri umekuja. Kuna mpunga wa mama, magunia tisa. Lile gari lako ndiyo kazi yake hiyo."

Shemeji alikuwa anachungulia kwenye kabini yangu. Huyo mdomo wake hauna breki, tangu msichana. "Shemeji," akasema, "hako kagodoro kekundu ni ka gunia gani? Maana lazima ni gunia la heshima."

Walicheka mpaka mama akacheka, kwa upande, ameziba mdomo na khanga. Na mimi nikacheka. Ukiniuliza kicheko changu kilitokea wapi, sijui. Usiku ule nilipakia yale magunia tisa peke yangu, sikutaka msaada wa mtu.

Asubuhi tukakuta kituo kidogo cha mafuta hakina dizeli. Mshale wa gari lake ulikuwa umelala kwenye nyekundu, mimi nilikuwa na robo tangi. Kuna duka pale linalouza dizeli ya madumu, wanayapima kutoka kwenye mapipa yaliyolala uani. Nikatangulia mimi. Mama alikuwa amekaa kwenye benchi la duka anaagana na mwenye duka. Nikanunua dumu langu, nikaliweka chini, nikaagiza chai. Nilipomaliza chai nikatoa kitambaa, nikachuja, nikaacha vidole vinne, nikayamwaga yale mabaki nyuma ya choo. Kitambaa nikakirudisha chini ya kiti.

Yeye akafika na madumu mawili, anatembea haraka, anatazama saa. Akasimama.

"Kaka mkubwa, wewe ndiye mtaalamu. Haya mafuta ya hapa vipi?"

Nilimtazama. Nilitazama dabo kabini yake imeng'aa nyuma yake, mkewe anapanga mto na shali ya mama kwenye kile kiti cha nyuma. Nikasema:

"Mimi ndiyo ninayoweka miaka yote."

Hakuna neno la uongo hapo. Nimelirudia kichwani mara elfu, na kila nikilipima ni kweli tupu. Ni kweli ya mwaka wa gari langu. Ya mwaka wa gari lake nilikuwa nayo mdomoni, nikaimeza.

"Basi kama mkubwa anaweka," akasema, "sisi ni akina nani?"

Akamimina. Madumu yote mawili, moja kwa moja, na la mwisho akaligeuza juu chini akalitikisa mpaka tone la mwisho. Faneli nilimshikia mimi.

Tukaondoka, wao mbele, mimi nyuma na mpunga. Njia ya Idodi mpaka Iringa nilikula vumbi lao. Nilikuwa nakiona kichwa cha mama kwenye kioo chao cha nyuma, kilemba chake cheupe, kinageuka kushoto kinageuka kulia, anatazama mashamba ya watu. Nilijiambia: ngoja. Kisha nikajiambia: mafuta ya leo huenda yalikuwa safi. Kisha tena: ngoja. Iringa walipita Kihesa kuchukua nguo, mimi nikanyoosha. Kufika Ifunda wakawa wamenishika. Alinipita mlimani, akapunga mkono. Nikakaza usukani mpaka vidole vikafa ganzi.

Kilomita chache mbele, pale hewa ya Mafinga inapoanza kukuuma masikio na misonobari inaanza kusimama pande zote, niliwaona. Dabo kabini iko pembeni ya barabara, boneti iko wazi. Wamekata matawi wameyaweka nyuma kama alama. Mama amekaa kwenye nyasi, shali yote imemwishia kichwani, upepo unampiga.

Nisikudanganye. Kitu cha kwanza kilichokuja moyoni kilikuwa furaha. Ilikuwa kubwa hivi kwamba niliwasha indiketa mapema mno.

"Imezimaje?" nikauliza, kana kwamba sijui.

"Imepoteza nguvu, ikaanza kutikisika, ikazima," akasema. Uso wake ulikuwa umekauka. "Taa ya filta iliwaka tangu Iringa, nikadhani ni sensa yake tu inasumbua. Hizi gari zina taa nyingi."

Nikajifanya kukagua. Nikafungua koki ya chini ya filta, nikakinga kwa chupa ya maji iliyo wazi. Kilichotoka kilikuwa rangi mbili. Juu dizeli, chini maji, na maji yalikuwa mengi.

Aliitazama ile chupa. Halafu akasema kitu ambacho sikukitegemea. Alimgeukia mkewe aliyekuwa anasonya, akasema, "Usimtazame kaka hivyo. Yeye kaweka haya haya, gari lake linatembea. Bahati yetu tu mbaya."

Ananitetea. Nikainama nikakaza koki ambayo ilikuwa imeshakazwa.

Tukafunga kamba. Gari lililozimwa injini breki zake zinakuwa nzito na usukani ni kama jiwe, kwa hiyo hatukutaka mtu akae humo isipokuwa yeye mwenyewe. Mama na shemeji wakaja kwangu. Haya, si ndiyo nilichokuwa nakiota? Mama kwenye pikapu yangu, na yule bwana nyuma yangu anavutwa kwa kamba ya kufungia viazi, na watu wa mabasi wanatazama. Nikafungua mlango kwa mikono miwili. Shemeji akapanda akakaa katikati. Mama akaweka mguu, akalitazama lile godoro jekundu. Akalifungua kamba zake taratibu, akalitoa, akaliweka chini miguuni, akakaa kwenye kiti kitupu.

Hapo ndipo nilipojua kwamba anajua.

Tukaenda kama robo saa. Natazama mbele, natazama kioo. Kwenye kioo namwona yeye, ameshika usukani kwa nguvu zote, mdomo wazi kidogo, anajitahidi kamba isilegee. Kisha mama akasema na binti yake kwa Kihehe, kwa sauti ya chini. Mimi Kihehe nakisikia, miaka ishirini si mchezo. Lakini kwa heshima nilikaa kama sijasikia, nikangoja maneno yapite kwa mtu wake. Na mtu wake leo alikuwa mke wa yule aliyeko nyuma kwenye kamba.

Shemeji hakuyatoa mara moja. Yeye, mwenye mdomo usio na breki.

"Mama anasema," akaanza, anatazama dashibodi, "alikuwa amekaa pale dukani. Anasema alikuona unachuja."

Nikabadilisha gia ambayo haikuhitaji kubadilishwa.

Mama akaongea tena. Shemeji akasema, "Anauliza, kitambaa kilikuwa kimoja?"

Ningeweza kusema mengi. Ningesema nilisahau, ningesema kila mtu na utaratibu wake. Nimeshawashinda matrafiki, madalali, mafundi, wote kwa mdomo huu huu. Lakini jibu lolote lilikuwa lazima lipite kwa yule mwanamke aliyekaa katikati yetu, alichukue mkononi mwake kabla hajampa mama.

"Mwambie mama," nikasema, "nilijua. Gari la mwaka wangu linayaweza yale maji. La mwaka wake haliwezi. Nilijua tangu Chunya. Aliniuliza nikamjibu nusu."

"Kwa nini?" Hilo halikuwa la mama. Hilo lilikuwa lake mwenyewe.

"Kwa sababu ya kile kiti cha nyuma."

Aligeuka akamtazama mumewe kwenye kamba. Kisha akasema, "Mama amesikia." Halafu: "Na mimi nimesikia." Mpaka Mafinga niliendesha taratibu kuliko siku zote, maana kila nikivuta nilikuwa naiona ile kamba inakaza.

Kwenye gereji nikamwambia mwenyewe, kabla mkewe hajamwambia. Tulikuwa tumesimama kati ya magari mawili. Nilimweleza yote, hadi faneli. Nilitegemea anitukane, nilishaandaa na mgongo. Alinitazama kama mtu anayesoma barua ya lugha asiyoijua.

"Kaka mkubwa," akasema, "kumbe gari langu linakuuma hivyo?"

"Linaniuma."

"Na mimi kila ninachojua kuhusu gari nilijifunza kwako." Akafuta mikono kwenye suruali yake nzuri. "Kazini nawaambia watu, kaka yangu wa Mbeya akisema mafuta ni mazuri, usibishane."

Akaenda kusimama na mkewe. Nilitamani angenipiga.

Fundi alisema tangi lishushwe, lioshwe, na nozeli mbili zimekufa. Mafinga hazikuwepo za mwaka ule, ziko Iringa. Mama akamwambia shemeji, shemeji akaniambia: "Mama anasema yeye anangoja hapa mpaka hili gari lipone. Haendi Mbeya na gari lingine. Anasema wewe endelea na mpunga."

Ijumaa hiyo, saa nane mchana, ningeweza kuendelea na mpunga. Ningefika Uyole jioni na kusema gari lao limeharibika, basi. Nilishusha magunia tisa gerejini, nikageuza pikapu nyepesi, nikarudi Iringa. Dukani muuzaji aliniuliza jina la injini, nikamtajia, akaleta boksi. Nikalifungua. Zilikuwa za mwaka wangu. Jina lile lile, lita zile zile, mtu mwingine angezichukua akashukuru.

"Hizi za pampu," nikamwambia. "Nataka za reli. Za umeme."

"Mbona zinafanana, mzee."

"Hazifanani. Mimi najua zisivyofanana kuliko mtu yeyote mkoa huu."

Akaenda ndani akatoa nyingine. Nilizishika mapajani mpaka Mafinga kama vifaranga.

Jumamosi adhuhuri gari likawaka. Lilikohoa mara moja, likatulia na ule mlio wake wa adabu. Fundi akapiga makofi. Mimi niliusikiliza, nikajua silinda zote nne ziko sawa, na nikasikia wivu unanirudia mahali pake pale pale, kama mtu aliyetoka kidogo kujisaidia. Mama akapanda kiti cha nyuma. Nikapakia mpunga wangu, nikawafuata. Makambako wakanipita mbali, Chimala nikawakuta wanakula, sikusimama, wakanipita tena. Hakupunga mkono.

Niliingia nyumbani kwangu mwenyewe nyuma yao. Mke wangu na watoto walikuwa wameshazunguka dabo kabini, vigelegele, bibi anashushwa kama mgeni wa serikali. Binti wa kipaimara ndiye peke yake aliyekuja kwangu, akauliza, "Baba, mbona hujaja na bibi?" Nikamwambia bibi ana gari lake. Jumapili mama alikaa benchi la mbele kanisani, na nyuma yake tulikaa wakwe wawili, mimi na yule bwana, kitabu kimoja cha nyimbo katikati yetu.

Hayo yamepita misimu miwili ya mpunga. Mimi bado nabeba mpunga, yeye anabeba mama. Lakini sasa kuna simu. Inaita hata nikiwa sokoni, na ni shemeji. "Kaka, mama anauliza, tuko mahali hapa na hapa, mafuta yao tuweke?" Nasikia mama akikohoa pembeni. Namwambia: hapo wekeni, hapo msiweke, hapo mimi naweka lakini nyinyi hapana, mwaka wenu hauwezi. Nasema yote, siachi nusu. Nikikata simu najisikia mkubwa kidogo, halafu nawaona kichwani wanapanda mlima bila moshi, na moyo unauma kama kawaida.

Wiki iliyopita alipiga tena. Nikajibu kuhusu mafuta. Nilidhani tumemaliza, nikasikia Kihehe kidogo nyuma, na nilichosikia sikukiamini, kwa hiyo nikangoja kipite kwa mtu wake.

"Kaka," shemeji akasema, na safari hii alikuwa anacheka, "mama anauliza, kale kagodoro kekundu bado kapo?"

Nikatazama chini ya kiti, pembeni ya kitambaa.

"Mwambie kapo."